Siku Nilipomgonga Mama Furaha Kwenye Theluji

Jamani, jambo hili bado naona aibu kulisimulia, na kama Mama Furaha mwenyewe asingekuwa anawahadithia wageni kanisani, ningezikwa nalo.

Ilikuwa Julai 2017, baridi ya Joburg imetukaba, sisi wanawake wa kanisa (Wakongo wengi, na Wakenya wawili wanaofanya kazi benki ndio waliopanga safari) tukakodi kombi kwenda kuona theluji milimani Lesotho. Mimi nasuka nywele saluni, mtaa wa Bertrams, na jana yake nilikuwa nimesukwa vizuri, kwa hiyo akilini nina jambo moja tu: picha. Tulipofika tukavalishwa viatu vizito kama mawe na zile mbao ndefu za kutelezea, mwalimu akasema wanaoanza wabaki naye chini, awafundishe kusimama na kuanguka. Saa nzima! Eish. Akauliza nani ameshawahi kuteleza, nikanyoosha mkono.

"Wewe? Lini?" Mama Furaha akaninong'oneza. Ni fundi cherehani wa mtaa wa La Rochelle, hapo hapo Joburg, na ndiye aliyenipokea nilipoingia nchi hii kutoka Bukavu, kwetu Kongo.

"Mama, mi najua."

Nikapanda ule mkanda unaobeba watu hadi juu, helmeti nimeisukuma nyuma ili nywele zionekane, nikapiga picha, nikatabasamu, halafu nikageuka kutazama chini na hapo hapo mbao zikaondoka nami (sikuamua kuondoka, naapa), mwalimu anapiga kelele nijiangushe ubavu, mimi nasikia kila neno lakini mwili umekataa, mikono nimeitanua kama mtu anayempokea mgeni uwanja wa ndege, na mbele yangu mstari mzima wa wanawake wa kanisa wanafundishwa kusimama.

"Tokeni! Tokeni!" nikawapigia kelele.

Wote wakatawanyika isipokuwa Mama Furaha, ambaye alikuwa bado hajafundishwa kugeuka.

Alipoinuliwa, mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika kwenye kifundo. Mimi sikupata hata mchubuko.

Katika chumba cha huduma ya kwanza, mwalimu aliniuliza mbele ya wote, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Sista, kuteleza ulijifunzia wapi?"

Sijui kwa nini sikunyamaza. Nikasema, "Bukavu."

Mama Furaha, machozi yakimtoka, akasema, "Bukavu gani, mwanangu? Kule umeme wenyewe ni wa bahati, hata friji haigandishi maji." Chumba kizima kikacheka, yeye akacheka nao, mkono ukamuuma, akalia tena. Nikatazama sakafu.

Wiki sita cherehani yake ililala. Gauni la bibi harusi mmoja, mteja wake, lilikuwa limeshakatwa, ikabidi nilibebe mwenyewe kulipeleka kwa fundi mwingine. Kila nilipofunga saluni nilikwenda kumpikia na kumfulia, na hakunigombeza hata mara moja (afadhali angenigombeza). Mkono ulipona, lakini baridi ikija unamuuma, naye huusugua akitazama kando ili nisione, nami huona, na hapo huapa upya: mlimani sirudi, na popote watu wanapofundishwa kitu, hata kama ni kuwasha jiko la gesi, nitakaa mbele, na nisipoelewa nitaomba warudie, wacha wanicheke.