Sauti ya Upande wa Kushoto

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, mume wangu alikuwa anavusha mchele kwenda Karonga na kurudi na sabuni, mafuta na vitenge. Vitu ambavyo zamani mtu alivificha chini ya gunia la pumba, sasa vilipita mpakani Kasumulu mchana kweupe. Kila aliyejaliwa alileta kitu cha kuweka sebuleni. Jirani zetu wa Bondeni walileta makochi ya mahameli, wengine friji. Wangu alileta spika.

Alizipata kwa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao kutoka Malawi. Zilifika nyuma ya pikapu zikiwa zimeviringishwa kwenye magodoro, nami nikadhani ni makabati. Zilinifika kiunoni, mbao nzito ya rangi ya chai, mbele zimevalishwa kitambaa cheusi. Wanaume wawili walihema kwa kubeba moja. Amplifaya na deki ya kaseti vilikuja vimepakatwa mbele, kama watoto.

Yule Mzungu alikuwa amemfundisha namna ya kuzipanga, naye akayashika mafundisho yale kama katekisimu. Spika zisigusane na ukuta. Zitazamane kidogo, kama watu wanaozungumza. Na mahali sauti zinapokutana, hapo ndipo panapowekwa kiti. Basi sebule yetu ikavurugwa yote. Meza ya chakula ilihamia ukumbini, na katikati ya chumba kikabaki kiti kimoja kinachoelekea spika mbili.

Kila aliyetutembelea alikalishwa pale. Hata hajajibiwa salamu yake ya "mugonile" vizuri, anaambiwa, "Kaa. Funga macho. Mwimbaji amesimama wapi?"

"Katikati."

"Mpiga gitaa?"

"Huku, kulia."

"Umesikia anavuta pumzi?"

Mgeni asiposikia pumzi, kaseti ilirudishwa nyuma. Baadaye alileta spika za dukani, za plastiki, akaziunganisha zipige wimbo uleule, ili watu waonje tofauti. "Hizi zinapiga kelele," alisema. "Zile zinasema." Nilimpenda alipokuwa hivyo, siwezi kuficha. Alikuwa mtu wa magunia na makarani wa mpakani, na ghafla nikamwona akiinamisha kichwa kusikiliza kinanda kama anayemsikiliza mgonjwa.

Na mgonjwa tulikuwa naye kweli. Mama yake alikuwa amelala kijijini Ngana muda mrefu, upande mmoja wa mwili umekufa, akiuguzwa na wifi yangu, dada pekee wa mume wangu. Wifi ndiye aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha uji kwa kijiko. Mume wangu alipeleka dawa na sukari, akasimama mlangoni kidogo, akakumbuka mzigo wake ulioko mpakani.

Mama alifariki wakati wa mvua kubwa. Tulimzika Ngana, kati ya migomba, udongo ukiteleza miguuni. Kwaya ya kanisa ilikuja yote. Mwalimu wa kwaya aliweka redio kaseti yake juu ya kigoda, kati ya waimbaji na sisi wafiwa, akairekodi ibada tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyeitazama ile redio. Nani hutazama redio kaburini?

Matanga yalipokwisha, mwalimu yule akampa mume wangu ile kaseti kama zawadi. Mume wangu akaikumbatia. Hakuisikiliza kwanza, alisema wimbo wa mama hausikilizwi peke yake. Akaita watu Jumapili baada ya ibada: wifi yangu kutoka Ngana, mzee mmoja wa kanisa na mkewe, na majirani wawili watatu. Nilipika wali na samaki aina ya mbasa. Baada ya chakula akawapeleka sebuleni, akamwambia dada yake akae kwenye kile kiti.

"Utasikia kama uko palepale," alimwambia.

Wifi alikaa, mikono mapajani, bado kichwani amejifunga kitambaa cha msiba. Kaseti ikaanza. Na kweli, tulikuwa palepale. Mvua ilisikika ikidondoka kwenye majani ya migomba. Sauti za kwanza zilikuwa kulia, besi za wanaume nyuma yao. Mtu alikohoa. Udongo ukaanguka juu ya jeneza, ule mlio ambao hausahauliki. Mke wa mzee wa kanisa alianza kulia polepole. Mume wangu alisimama kando ya amplifaya, machozi yamemlengalenga, na bado akanyoosha kidole, akanong'ona, "Sikilizeni huku kushoto. Mnasikia watu wanavyopumua?"

Tukasikiliza kushoto.

Palikuwa na sauti ya mwanamume, ya chini, karibu kabisa na redio. Ilisema: "Bora amepumzika, na sisi tupumue. Tulikuwa tumechoka. Hata mke wangu amechoka." Kisha mtu mwingine, rafiki yake wa biashara, akacheka kidogo puani, kile kicheko kifupi cha wanaume wanaoelewana.

Ile sauti ya kwanza ilikuwa ya mume wangu. Ningeijua hata kwenye redio mbovu, na spika zile hazikuwa mbovu.

Mzee wa kanisa alitazama sakafu. Jirani mmoja alinitazama mimi, nami nilihisi uso unawaka mpaka masikioni. Sikuwahi kumwambia mume wangu kwamba nimechoka. Ningechokea wapi? Nilikwenda Ngana mara chache, nikabeba mkungu wa ndizi, nikarudi na gari la mchana. Alikuwa amenipa uchovu ambao sikuufanyia kazi, mbele ya mwanamke aliyeufanyia kazi.

Mume wangu alinyoosha mkono kuzima. Wifi akasema, bila kugeuka, "Iache."

"Dada..."

"Iache iimbe mpaka mwisho. Ni wimbo wa mama."

Basi tukakaa. Kwaya iliimba beti zote, taratibu, wala hapakuwa na mahali pa kuweka macho. Ilipokwisha, wifi alisimama, akajifunga kanga yake, akashukuru kwa chakula, "ndaga", akaenda kutafuta gari la kurudi. Hakumtazama kaka yake.

Mji wetu ni mdogo. Kesho yake bombani wanawake walinyamaza nilipofika, kisha wote wakaanza kuzungumzia bei ya mchele kwa pamoja. Sokoni ilikuwa vilevile. Niliacha kwenda na ndoo asubuhi. Nikawa nachota maji jua likiwa kali, watu wako ndani.

Mume wangu alirudi mpakani kwenye magunia yake. Mwishowe nilikwenda Ngana mwenyewe. Nilimkuta wifi anatandaza kakao juani. Nilipiga magoti nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Simama, utachafua nguo," alisema. Akaendelea kutandaza. "Kuchoka si dhambi, wifi. Mimi nilichoka kuliko ninyi wote. Kuna siku nilimwomba Mungu amchukue. Lakini nilimwambia Mungu. Sikumwambia mtu akacheka."

Nilimsaidia kutandaza mpaka jioni, naye hakunizuia.

Mavuno ya mpunga yalipofika, mume wangu aliamka siku moja akachukua mundu, akasema anakwenda Ngana. Alikuwa hajashika mundu tangu alipoanza biashara. Alirudi baada ya siku kadhaa, shingo imebabuka, viganja vimetoka malengelenge.

"Mmezungumza?" nilimuuliza.

"Tumevuna," akasema.

Krismasi ile wifi alikuja. Alipitia mlango wa nyuma, akakaa nami jikoni, akamenya ndizi, akamtania kaka yake kwamba amenenepa. Alipoitwa sebuleni alisema moshi wa jikoni haumsumbui. Ikawa hivyo kila alipokuja.

Mume wangu hakumkalisha tena mtu kwenye kile kiti. Spika zilisogezwa ukutani, zikatumika kusikilizia taarifa ya habari ya redio tu, na panya wakaanza kula kitambaa. Mwaka uliofuata akaja mwenye baa mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka kuzinunua. Hakufunga macho, wala hakuuliza mwimbaji amesimama wapi. Aliuliza kama zinaweza kusikika mpaka barabarani.

"Zinaweza," mume wangu alimjibu, kwa sauti kavu ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Walipozibeba niliona sakafu ile ina alama mbili za mraba, safi kuliko sehemu nyingine. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, na nilipomwona amesimama pale anazitazama zile alama, niliona haya kwa wepesi ule. Nilichukua ufagio nikatoka nje, nikafagia uani, ambapo tayari palikuwa pamefagiwa.