Kola ya Wifi

Nitasema kweli, na anayetaka kununa anune: wifi yangu nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Miaka kumi na mmoja tulishona chumba kimoja, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni. Kutia uzi kwenye sindano nilimfundisha mimi. Lakini mteja akiingia, hata salamu haijaisha, "Yule dada wa kola yupo?" Yupo! Na mimi ni kinyago?

Kola zake ncha ya kushoto ilijikunja kidogo kwa ndani. Basi, ni hilo tu. Zangu zilinyooka pande zote, na nani aulizie kola iliyonyooka?

Mkataji wetu alipostaafu, mama mwenye duka akasema meza ya kukata atampa mmoja wetu. Kila mtu ashone shati moja, yawekwe mezani bila alama. Meza ile niliitaka tangu sijaolewa. Nikasema moyoni, safari hii namwibia kola yake. Wiki nzima nilikunja ncha ya kushoto, nikafumua, nikakunja tena, mpaka ikanikubali.

Siku ikafika. Mama akavaa miwani, akainua shati langu.

"Hili la wifi yako, halijifichi."

Roho yangu kwatu! Akainua la pili. Kola imenyooka, safi, pande zote sawa.

"Na hili lako. Mkataji namtaka mwenye mkono ulionyooka. Meza ni yako."

Loo! Ningenyamaza tu, ningekuwa nimepata. Lakini sifa zile zilikuwa za mkono wake, nazo zilinikaba. Nikaropoka, "Mama, hilo ni lake! Langu ni hilo lililokunjwa."

Wifi akainamisha uso. "Nisamehe, wifi. Kidole hiki kilivunjika utotoni, ndicho kinachopinda kola. Miaka yote naziangalia zako, natamani. Nikaona safari hii nikikaze hata kikiuma, nishone kama wewe."

Mama akavua miwani, akanigeukia. "Sasa mwenzangu, lako wewe liko wapi?"

Meza akapewa wifi, na watu wanadhani nilinuna kwa sababu ya meza. Wapi! Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba hata kuwa mimi, yule mwanamke amenizidi.