Miguu ya Bizimana

Ilikuwa mwaka 2018. Hapana, nakosea, 2018 ndiyo mwaka Bizimana aling'olewa jino. Hili lilikuwa 2019, kabla Korona haijafunga viwanja.

Bizimana, Mrundi wa mtaa wa Umbilo, alikuwa anatafuta mipira ya gofu iliyozama kwenye mabwawa ya uwanja mmoja hapa Durban. Aliingia majini hadi kifuani, akapapasa tope kwa vidole vya miguu, akajua: huu mpira, hili jiwe, huyu kobe. Ukingoni alisimama Josias, Mkongomani, rafiki yake wa miaka tisa, ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Bizimana. Josias kuogelea hakujua kabisa.

Siku moja Mjerumani mmoja aliyekuja kucheza, msimamizi wa uwanja wa gofu huko magharibi mwa nchi yao, alisimama kuwatazama mpaka wenzake wakamwacha. Akawaonyesha picha: nyasi kama zulia, mabwawa saba, maji yanaruka juu, na mialoni, miti ambayo Bizimana aliijua kwenye Biblia tu. Mashine yao ya kuokotea mipira, alisema, ilichana plastiki iliyotandikwa chini ya mabwawa. Alitaka mtu wa miguu kama ile. Atumiwe video na jina, ataandika mwaliko.

Bizimana hakuwa na simu ya maana, na Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni. Basi mambo ya kuandika akamwachia Josias, kama walivyozoea: mmoja majini, mmoja nchi kavu.

Josias akapiga video. Bizimana akaona simu inaangalia chini tu.

"Mukubwa, mbona unanikata kichwa?"

"Eish! Kichwa chako ndicho kinatafuta mipira? Muzungu anataka miguu, ndugu. Hiyo sura ikifika kule, watafunga mpaka!"

Wakacheka, Bizimana kuliko mwenzake.

Miezi ikapita. Kila akiuliza, Josias alimjibu, "Wazungu wako na congé, likizo yao ndefu. Patience." Bizimana akanunua soksi nene, za baridi ya huko.

Halafu Josias akawa haonekani wiki nzima. Jumapili, kanisani, akasimama Marcelline, mke wake, kutoa shukrani. "Baba watoto amefika Allemagne, kule kwa Wajerumani, salama. Juzi ameanza kazi ya mabwawa." Akainua simu: Josias ndani ya buti za mpira, nyuma yake mialoni ileile. Watu wakasema amina. Bizimana naye akasema amina, mdomo ulishazoea.

Nje akamfuata. "Shemeji, mwaliko ulikuwa na jina la nani?"

Marcelline akatazama viatu vyake. "Waliandika ile jina walitumiwa."

Akamwazima Bizimana simu amwachie Josias ujumbe wa sauti. Njia nzima toka mlangoni Bizimana alikuwa amepanga matusi, tena makali. Ujumbe ulisikilizwa siku hiyohiyo, alama zikawa za bluu, na jibu halijaja mpaka leo. Alichosema ni hiki tu:

"Josias, wewe unaogopa hata maji ya beseni. Huko ukiingia, nani anakushikia kamba?"