Waliokuja Kumlilia Mama

"Kama mashine ndiyo inayofanya kazi ya figo zangu, mimi nafanya nini?"

Mama aliniuliza hivyo tukitoka hospitali. Mimi, niliyezoea kuwauliza wahadhiri maswali mpaka wanatazama saa, nilimshika mkono tukavuka barabara.

Alikuwa akisafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi, na alikuwa ameanza kukosa siku. Akikosa mbili mfululizo, nesi alinionya, maji yatamjaa mpaka kifuani. Kisha nesi huyo akaniambia jambo lililonikasirisha: Mama afanye mazoezi mepesi nyumbani, kwa muziki anaoupenda.

"Muziki unasafisha damu?"

"Hausafishi. Lakini mtu anayekaa tu akingoja mashine, huichoka."

Niliona ni maneno ya kutuliza watu. Ila wiki iliyofuata Mama hakwenda Jumatatu, na hofu ikanishinda. Jumatano mchana niliazima redio ya kaseti. Mama alikataa rumba, akataka kwaya, tena kwa sauti ya juu. Akaketi akinyanyua mguu mmoja, kisha mwingine, mikononi ameshika pakiti mbili za chumvi. Alisema chumvi aliyokatazwa kula angalau ipate kazi.

Nilikuwa nimesahau mtaa. Kwetu Maringo, kwaya ikifunguliwa kwa nguvu katikati ya wiki, katika nyumba yenye mgonjwa, maana yake ilikuwa moja. Wimbo wa pili haujaisha, mlango ukasukumwa. Jirani aliyeuza matumbo katika soko la Burma aliingia na aproni yake, mikono kichwani.

"Woi! Dada yangu, umetuacha!"

Nyuma yake wanawake wanne, mmoja na sukari, mwingine amebeba kiti. Wakamkuta marehemu amenyanyua mguu.

Jirani alianguka kwenye kochi. Nilitaka kuwafukuza, kisha nikaona nyuso zao zilivyolowa, nikawaacha.

"Hiyo sukari ni yangu?" Mama akauliza. "Haya, ingieni. Na anayelia, alie akinyanyua mguu."

"Huyu mama ana wazimu!" jirani akasema, machozi bado yakimtoka. Lakini akanyanyua. Wakanyanyua wote, na vikombe vikalia kabatini.

Kesho yake, Alhamisi, Mama alivaa mapema, akaniuliza kwa nini namchelewesha.

Aliendelea na mashine kwa miaka mitatu. Kisa kile nilikisimulia kila mahali kama kichekesho cha majirani wenye haraka ya kulia. Miaka mingi baada ya kumzika, yule jirani wa Burma alinisikia nikikisimulia, hakucheka. Aliniambia haikuwa kwaya peke yake. Jumanne, siku moja kabla ya kwaya ile, nikiwa mjini kutafuta kazi, Mama alipita mlango kwa mlango akiwaaga. Aliwaambia haendi tena kwenye mashine, na akawaapisha wasiniambie.