Programu Iliyompunguza Mama Mwendo

Jamani, mi shule niliishia mlangoni, lakini programu ya kompyuta nimechagua mimi mwenyewe. Cheka tu!

Mjukuu wangu alikuwa anaolewa. Akaniomba agaseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kirefu cha ncha, ila akataka kiwe na mistari ya mama yangu: myeusi, inazunguka inapanda mpaka juu kabisa bila kukatika. Sasa hiyo mistari imenishinda tangu tunakaa Tanzania, kabla ya kurudi kwetu. Nikikaribia ncha inagongana, inakuwa doa. Mama alikufa sijamuuliza. Ilibaki video moja tu. Mgeni alimrekodi zamani akishona, akatuachia kwenye flashi. Hatukuwahi kuifungua.

Kitinda mimba wangu, binti ninayekaa naye hapa Gahanga, akaleta kompyuta yake ya kazi, akachomeka flashi. Programu ya kwanza, iliyokuja na kompyuta yenyewe, ikatoa sauti tupu. Giza! Lakini nasikia mama anakohoa.

"Yuko wapi?"

"Yumo, mama. Hii haijui kusoma video za zamani."

"Kumbe na yenyewe haikusoma!"

Akashusha nyingine kwenye intaneti. Mana yanjye, Mungu wangu! Mama huyo, kitenge cha njano, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, sindano iko mkononi. Nikasimama. Mtu hamsalimii mama yake amekaa.

"Mukecuru, mama yangu, kaa chini, hakuoni."

"Nyamaza wewe. Yeye haoni, mi naona."

Lakini mama alikuwa na mkono wa haraka. Alipofika juu, vidole vikapita fyuu, sikushika kitu.

"Mwambie aende polepole."

"Hii haina polepole, mama. Inacheza tu. Ila ona rangi zake zilivyo nzuri!"

"Rangi nitakula? Toa. Tafuta yenye polepole."

Ya tatu ilikuwa na alama ya koni, zile za rangi ya chungwa wanazopanga barabarani wakichimba. Binti akabonyeza, akabonyeza tena, na mama yangu akapunguza mwendo. Eeh! Sindano inachungulia kwanza, halafu ndio inatoka. Naona uzi unavyokazwa. Binti anagusa, mama anasimama, sindano iko hewani. Anagusa tena, mama anarudi nyuma, anafumua alichoshona! Huyu mama, zamani ukimwambia arudie, anakuchapa na hizo nyasi za kushonea. Leo anarudia, wala hanuni.

"Rudisha."

"Mara ya ngapi hii, mama?"

"Nimesema rudisha."

Ndio nikaona. Mi siku zote nashona nyuzi nyeusi tatu tatu mpaka juu. Yeye, kifuniko kikianza kubana, na nyeusi anazipunguza: tatu, halafu mbili, halafu moja. Ni hivyo tu! Miaka yote hiyo! Nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Nikakichukua kifuniko changu kilichoingia doa, nikakifumua palepale. Mama anashona kule, mi nashona huku, binti kidole kiko kwenye kompyuta. Nikichelewa, anamsimamisha bibi yake, ananingoja. Tukapanda hivyo, mzunguko kwa mzunguko, mpaka kwenye ncha ikabaki nyeusi moja, imesimama peke yake, safi.

"Umeshapata, mama. Nizime? Betri inakwisha."

Nikamshika mkono.

"Mwache kwanza," nikamwambia. "Mwache amalize."