"Ha" Iliyopotelea Sebuleni

Kazini walimwita Sikio, na jina hakulikataa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akipima vifaa vya masikioni visivyo na waya kabla havijapelekwa dukani. Sentensi zinapita hewani, mashine inazilinganisha na zilivyotoka, kisha inatoa alama, tano ikiwa ya juu kabisa.

Nyumbani, baba mkwe wake alikuwa na vifaa vya kumsaidia kusikia vya namna hiyohiyo. Mke wa mzee, mama mkwe wa Sikio, alivaa kipaza sauti kidogo shingoni. Akisema neno, mzee analipata sikioni. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini Jumanne moja mzee alishinda mlangoni asubuhi nzima akimsubiri fundi bomba.

"Si nilikwambia hatakuja?" mama mkwe akafoka.

"Ulisema atakuja!"

"Wewe unasikia unachotaka."

Mzee akavua vifaa, akaviweka mezani, na siku mbili hakuvigusa. Hilo lilimuuma Sikio. Ila kilichomkosesha raha hasa ni swali: katika maneno yote, mbona hilo la "hatakuja"?

"Mama, nisomee maneno haya," akamwomba mama mkwe, akamrekodi. Atakuja, hatakuja. Watarudi, hawatarudi. Ataoga, hataoga.

"Mwanangu, na hii ndiyo kazi wanayokulipa?"

Kesho yake kazini aliipitisha sauti ile hewani. Mashine ikatoa nne na nusu. Akawasha kisanduku cha intaneti, kama kile cha nyumbani, shubiri moja kutoka kwenye vifaa. Nne kasoro kidogo, bado imefaulu. Hakuridhika. Akawaita wenzake watatu, akawageuza waangalie ukuta, waandike walichosikia. Kati ya sentensi ishirini za kukanusha, saba ziliandikwa kama za kukubali. Mawimbi ya kisanduku yalipogongana na yale ya sauti, kipande chembamba kama ukucha kilikatika, na mara nyingine kipande hicho kilikuwa "ha" ya mwanzo.

"Si mashine imepitisha?" mkuu wake aliuliza.

"Mashine inapima sauti, bosi. Haijui kwamba 'ha' ikianguka, hapana inageuka ndiyo."

Mkuu akaisoma karatasi ya majibu ya wale watatu mara mbili, akakuna kidevu. "Hebu wageuze tena ukutani. Safari hii na mimi nimo."

Jioni Sikio alikagua sebule. Kisanduku cha intaneti kilikuwa rafuni, nyuma tu ya kiti cha mzee, nusura kimguse kisogo. Mzee alikataa katakata kiti chake kisogezwe, basi kikahama kisanduku.

"Baba, vaa. Mama, sema chochote."

Mama mkwe akafikiri. "Sitakuambia tena kwamba unasikia unachotaka."

"Sita au nita?"

"Sita."

Mzee akatabasamu hadi masikioni. Baada ya chakula akamwita Sikio pembeni. "Mkwe wangu, mama yako akinipa mgongo akikata vitunguu, sauti inakwaruza. Mgongo nao una intaneti?"

Sikio akacheka, huku mkono ukipapasa daftari. "Mama, hebu geuka. Polepole, na usiache kuongea."