Uwanja wa Kugeuzia Lori

Majina yao ninayaacha, na si kwa huruma. Mtu wa upande wetu wa Nyamira atawajua bila kuambiwa, na wao wenyewe watajijua. Ni wawili. Mmoja alikuwa meneja wa usafirishaji wa kampuni iliyonunua ndizi zetu. Wa pili alikuwa msimamizi wa wapakiaji, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wangu. Huyo wa pili ndiye ninayemchukia kwa moyo wote.

Zamani lori lilikuja mara mbili kila siku ya ndizi. Mimi na mume wangu tulikuwa wapakiaji. Tulitandika majani ya migomba, tukapanga mikungu, kisha tukafuata nyuma kwa pikapu mpaka Mosocho kushusha. Lori liligeuzia kwenye uwanja wetu mbele ya boma, maana huku juu ya kilima hakuna tambarare nyingine. Mume wangu hakuwahi kuwanyima.

Ndipo akaja meneja huyo. Akasema kampuni inachoma mafuta na kupoteza muda. Safari mbili zikawa moja, pikapu ikaondolewa. Wapakiaji watasafiri vipi? Hakusema. Msimamizi ndiye aliyesema: "Pandeni juu ya ndizi."

Mume wangu akamwambia kwa adabu, "Tata, mzigo umezidi." Tata ndivyo tunavyomwita baba.

"Umekuwa meneja lini? Panda, ama nitafute wengine."

Tukapanda. Kwenye kona ya mteremko lori likalala ubavu. Mimi nilitoka na huu mguu usiokunjika. Mume wangu walimtoa chini ya mikungu akiwa amekwisha.

Kampuni ilipouliza, msimamizi alisimama mbele ya watu akasema, "Walipanda kwa kichwa ngumu chao. Niliwakataza." Meneja akaridhika upesi sana. Basi mume wangu akazikwa kama mtu aliyejiua kwa ukaidi, na watoto wangu wakaambiwa hivyo shuleni. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Nilitaka yule mzee msimamizi aseme kweli, kwa mdomo wake, watu wakisikia.

Baada ya matanga nikapanda nepia, majani ya ng'ombe, uwanja mzima. Nikaweka ua na geti. Lori likaja, likakosa pa kugeuzia, likarudi kinyumenyume kilima chote. Mvua ilipoanza, hata hilo likawashinda. Ndizi za kampuni zikaivia kando ya barabara.

Nikajua watakuja.

Walikuja mvua ikinyesha, meneja na msimamizi. Sasa, kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe, na ndugu ya baba mkwe ni baba mkwe. Akija, unamtolea kiti verandani, unamjibu kwa sauti ya chini bila kumkazia macho. Mzee alikuja akitegemea heshima hiyo. Lakini veranda nilikuwa nimeijaza nepia mpaka juu. Meneja si mkwe wangu, basi nikamkaribisha ndani, nikamkalisha karibu na dirisha, nikampa chai. Mzee akabaki uani, kofia mkononi, maji yakimtiririka shingoni.

Nikasimama mlangoni nikamtazama machoni.

"Mwanangu, fungua geti. Ndizi zinaoza."

"Tata, nani alituambia tupande juu?"

"Hayo yalipita."

"Hayajapita. Mimi natembea nayo."

Wanawake waliokuwa wakienda soko la Daraja Mbili na mizigo yao wakasimama nje ya ua. Mmoja akacheka, "Jamani, mzee wetu amekuja kubatizwa tena?"

Mzee akainama. "Ni mimi."

"Wewe ulifanya nini? Mgeni wangu huku ndani hasikii vizuri."

"Mimi niliwaambia wapande! Mwanangu alikataa, nikamlazimisha!"

Meneja akaweka kikombe chini. "Lakini uliniambia uliwakataza."

"Na wewe uliondoa pikapu," nikamwambia. "Kunywa chai, bado ina moto."

Hakunywa. Mzee akapangusa uso kwa kofia yake. "Nimesema. Sasa fungua."

"Tata, nilikuuliza swali, umejibu. Mambo ya geti hatukuongea."

Sikufungua siku ile, na sijafungua hadi leo. Kampuni sasa inabebesha watu mikungu mabegani mpaka barabara ya chini, na pikapu imerudishwa kuwabeba wapakiaji. Hiyo hesabu ya mafuta na muda waifanye wenyewe. Yule mzee si msimamizi tena, na tukikutana njiani yeye ndiye anayeinamisha macho. Nepia yangu imefika kifuani. Ninaikata polepole siku za ndizi, karibu na ua, ili wanaopita wanione.